Mshahara umepanda, saa yangu imeshuka: namna ya kulinganisha malipo ya kazi mbili

Swali la msomaji: "Mtaalamu, shikamoo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa karani, saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Sasa nimepata nafasi ya ulinzi kwenye ghala. Mshahara wake unauzidi wangu kwa asilimia 30, ila zamu ni za saa 12, siku 6 kwa wiki, na nyingi ni za usiku. Ndugu zangu wote wanasema nichukue. Mimi nasita na sijui niwaeleze nini. Pia nataka kuelewa kwa nini kazi nyingine zinalipa vizuri kwa saa chache huku nyingine zikimkausha mtu kwa malipo kidogo. Na nitajuaje malipo ya kawaida ya kazi fulani hapa nilipo, nisije nikakubali kidogo?"

Marahaba, ndugu yangu. Kusita kwako kuna sababu, na sababu hiyo inawekeka kwenye tarakimu. Tuanze hapo, maana ukiishaiona hesabu utawajibu ndugu zako bila kugombana nao.

Tuuite mshahara wako wa sasa 100. Wa ulinzi basi ni 130. Wewe unafanya saa 40 kwa wiki. Mwaka una wiki 52, ukizigawa kwa miezi 12 unapata wiki 4.33 kwa mwezi, kwa hiyo mwezi wako una saa 173 na kidogo. Mlinzi wa zamu ya saa 12 kwa siku 6 anafanya saa 72 kwa wiki, yaani saa 312 kwa mwezi. Sasa gawa 100 kwa 173, kisha 130 kwa 312. Saa ya ukarani inakulipa 0.577. Saa ya ulinzi itakulipa 0.417. Kila saa utakayokaa getini itakuwa na thamani ya asilimia 72 tu ya saa unayokaa mezani leo. Mshahara umepanda, lakini bei ya saa yako imeshuka kwa zaidi ya robo.

Na hapo bado sijagusa malipo ya saa za ziada. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, uliopitishwa Washington mwaka 1919, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, na ukasema saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na robo ya kiwango cha kawaida. Mwaka 1930 kanuni hiyo ikapelekwa kwenye maduka na ofisi. Nchi nyingi leo zina vikomo vya chini zaidi na malipo ya ziada ya juu zaidi, lakini tutumie hiki cha zamani ili mtu asiseme nimependelea. Wiki ya saa 72 ina saa 24 juu ya 48. Saa 24 zikilipwa kwa moja na robo zinahesabika kama 30. Mwajiri anayekulipa 130 ni kama ananunua saa 78 kwa wiki, na hapo saa ya msingi inashuka hadi 0.385, theluthi mbili kamili ya saa yako ya sasa. Kumbuka pia kwamba sheria nyingi za kazi zina ukomo wa saa za ziada zenyewe. Saa 24 za ziada kila wiki, mwaka mzima, mara nyingi huuvuka ukomo huo hata kama zinalipwa.

Uliza pia habari za likizo. Mkataba wa ILO wa mwaka 1970 unataka angalau wiki 3 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Tuseme wewe unazipata hizo, pamoja na sikukuu zinazofikia kama wiki 2. Unafanya kazi wiki 47, saa 1,880 kwa mwaka, ila unalipwa miezi yote 12. Saa yako inapanda hadi 0.638. Kama ulinzi huo hauna likizo wala sikukuu, mlinzi anafanya saa 3,744 na saa yake inabaki palepale 0.417. Tofauti ya asilimia 28 imekuwa ya 35, na hakuna aliyegusa mshahara.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ugumu uko kwenye kuamua saa zipi zihesabiwe, na hapo ndipo fani zinapoachana. Mwaka 2008 wataalamu wa takwimu za kazi waliokutana chini ya ILO walikubaliana namna ya kupima muda wa kazi. Kuzalisha ni kazi. Kuandaa na kusafisha vifaa ni kazi. Kusubiri mteja aje au mashine itengenezwe ni kazi, na hata yale mapumziko mafupi ya kunyoosha mgongo yamo. Mapumziko marefu ya chakula na safari ya kutoka nyumbani hayamo. Mimi hutumia mpaka huo kila ninapolinganisha kazi mbili, kwa sababu haujali mkataba unasema nini. Unajali mtu alikuwa wapi na alikuwa huru kiasi gani.

Mchukue daktari wa zamu ya usiku. Amejinyoosha kwenye chumba cha madaktari, simu iko mkononi. Yuko kazini au anapumzika? Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilijibu mara mbili, mwaka 2000 katika shauri la madaktari wa Hispania na mwaka 2003 katika shauri la daktari wa Ujerumani. Akitakiwa kuwepo hospitalini, saa zote ni za kazi, pamoja na zile alizosinzia. Hospitali nyingi zililazimika kupanga upya zamu zake. Marekani nayo, mwaka 2003, iliwawekea madaktari walio mafunzoni kikomo cha saa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki 4. Soma tena tarakimu hiyo: 80 ndiyo kikomo baada ya kupunguzwa. Ndiyo maana ukigawa mshahara wa daktari kijana kwa saa zake, unaweza kumkuta jirani kabisa na muuguzi ambaye watu wanadhani anamzidi mbali.

Baharia naye analala kazini kwa miezi, na mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006 unaruhusu nchi kumwekea ukomo wa saa 14 katika saa 24, na saa 72 katika siku 7. Nimeutaja makusudi. Saa 72 ndiyo dari ya mtu ambaye nyumba yake ni meli na hana pa kwenda. Wewe umepewa dari hiyo kama wiki ya kawaida, na kila siku bado utasafiri kwenda na kurudi nyumbani.

Kwa madereva, saa zinazopotea ni za foleni. Sheria za Ulaya zinamzuia dereva wa lori kuendesha zaidi ya saa 9 kwa siku, isipokuwa mara 2 kwa wiki anaporuhusiwa 10, na zinamtaka apumzike dakika 45 baada ya kila saa 4 na nusu za usukani. Usukani lakini ni sehemu tu ya siku yake. Kuna kupakia, kushusha, mizani, mpaka, karatasi. Dereva anayelipwa kwa safari hubeba muda wote huo mgongoni mwake. Mwenye mzigo akichelewesha kushusha kwa nusu siku, mwenye mzigo hapotezi kitu, dereva ndiye anayepoteza. Madereva wanaopata abiria kwa programu za simu wako kwenye mtego uleule. Mwaka 2021 Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua katika shauri la Uber kwamba dereva aliyewasha programu, yuko ndani ya eneo lake na yuko tayari kuchukua abiria, yuko kazini hata kama hajapata abiria. Ukisikia mtu wa namna hiyo anasema "kwa saa napata kiasi fulani", muulize kama alihesabu saa alizokaa bila abiria, kisha toa gharama za mafuta na matengenezo ya chombo.

Mwalimu huonekana ana saa chache kuliko wote, na watu humsimanga kwa hilo. Tafiti za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi ambazo nyingi ni tajiri, kuhusu walimu zimeonyesha kwamba muda wa kufundisha darasani ni kama nusu tu ya muda wao wa kazi. Nusu nyingine ni kuandaa masomo, kusahihisha, vikao na wazazi, na sehemu kubwa yake hufanyika nyumbani mahali ambapo hakuna daftari la mahudhurio.

Kisha yuko mfanyakazi wa nyumbani, na kwake nataka nikae kidogo. ILO ilikadiria mwaka 2021 kwamba duniani wako watu milioni 75.6 wanaofanya kazi hii, na takribani robo tatu yao ni wanawake. Anayelala kwa mwajiri hana mlango wa kutokea kazini. Mtoto akilia usiku wa manane anaamka yeye, mgeni akija jioni anapika yeye, na bado mwajiri atakwambia kwa moyo mweupe kwamba "huyu hana kazi nyingi, mchana anakaa tu". Mkataba wa mwaka 2011 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani ulisema anastahili angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na kwamba muda ambao hana uhuru wa kuutumia atakavyo, akiwa anasubiri kuitwa, ni muda wa kazi kwa kadiri sheria au makubaliano yatakavyoweka. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo bora zaidi kuliko vyote: je, ulikuwa huru kwenda zako? Kitumie kwenye lindo lako pia. Ukiambiwa zamu ni ya saa 12 lakini saa moja ni ya mapumziko isiyolipwa, uliza kama katika saa hiyo unaruhusiwa kutoka getini. Kama huruhusiwi, hiyo ni saa ya kazi iliyobandikwa jina lingine.

Ukitazama dunia kwa ujumla, ripoti ya ILO ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wote hufanya zaidi ya saa 48 kwa wiki. Saa ndefu zaidi ziko kwenye biashara ya jumla na rejareja, uchukuzi na viwanda. Fupi ziko kwenye kilimo, elimu na afya. Kilimo kisikushangaze, wastani wake unachanganya wiki za mavuno, ambapo mtu halali, na wiki za kiangazi ambapo hakuna cha kufanya wala cha kulipwa. Kibarua wa msimu usimgawie kwa mwezi mmoja. Chukua mapato yake ya mwaka mzima.

Sasa swali lako la pili, kwa nini malipo yanatofautiana kiasi hiki. Mwaka 1776 mwanauchumi wa Uskoti Adam Smith alitaja mambo matano: kazi kuwa ngumu au ya kuchukiza, gharama ya kuisomea, kudumu au kutodumu kwake, kiasi cha uaminifu inachodai, na uwezekano wa kufaulu ndani yake. Yana kweli ndani yake. Mfano wake wa mwashi bado unasimama: baridi kali na mvua humkalisha bila kazi, hivyo siku anazofanya lazima zimlipe na zile anazokaa. Ukilinganisha fundi wa siku na mwajiriwa wa mwezi, kumbuka hilo.

Lakini lile la kwanza ukilipeleka mtaani halifiki mbali. Kama ugumu na karaha vingelipwa, mzoa taka, mfua nguo wa hospitali na mlinzi wa usiku wangekuwa na mishahara minono. Hawana, kwa sababu ugumu hulipwa pale tu mtu anapoweza kuukataa. Mchomeleaji wa chini ya maji anaukataa, na mwajiri hana wa kumweka mahali pake kesho; ndiyo maana analipwa. Mtu ambaye nyuma yake wamepanga foleni wengine ishirini hawezi. Mwanauchumi Joan Robinson alilieleza upande mwingine wa jambo hili mwaka 1933: waajiri wakiwa wachache, au mmoja tu mahali fulani, mshahara hushuka chini ya thamani ya kile mtu anachozalisha, kwa kuwa hana pengine pa kuuzia jasho lake. Kwa hiyo unapouliza kwa nini kazi fulani inalipa, uliza wangapi wanaiweza, wangapi wanaihitaji, nani ana kibali cha kuifanya, na kama wanaoifanya wana chama cha wafanyakazi chenye nguvu. Ujuzi ni sehemu tu ya jibu.

Sheria zenyewe zimechangia pia. Sheria ya viwango vya kazi ya Marekani ya mwaka 1938, iliyoleta kima cha chini na malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada, iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa nyumbani. Wa mashambani waliingizwa kwenye kima cha chini mwaka 1966, wa nyumbani mwaka 1974. Kazi hizo hazikuwa nyepesi kuliko za kiwandani. Waliozifanya hawakuwa na sauti. Kazi zinazofanywa zaidi na wanawake zimepita njia hiyohiyo. Mkataba wa mwaka 1951 wa malipo sawa ulitaka watu walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa, hata kama si kazi ileile. Maana yake mlezi wa wagonjwa na fundi wa mashine wanaweza kupimwa kwa ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira yao, kisha ikaulizwa kwa nini mmoja anamzidi mwenzake. Hilo bado halijatekelezwa popote kwa ukamilifu, na linaniuma, kwa sababu vipimo vipo na vinafanya kazi pale vinapotumika.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana, na inakuhusu. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, alionyesha kwamba kazi zinatofautiana katika namna zinavyolipa saa ya mwisho. Kwenye baadhi ya kazi za sheria na fedha, mtu anayefanya saa 60 hapati mara moja na nusu ya anayefanya 40; anapata zaidi sana, kwa kuwa mteja anataka mtu yuleyule, wakati wowote. Kwenye ufamasia wa Marekani mambo yakawa tofauti. Kumbukumbu za wagonjwa zilipoingia kwenye kompyuta na dawa zikawa za aina moja kila mahali, mfamasia mmoja akaweza kushika nafasi ya mwenzake bila mteja kudhurika. Saa 20 zikalipwa takribani nusu ya saa 40, na pengo kati ya wanaume na wanawake likapungua. Ulinzi hauko kwenye kundi lolote kati ya hayo. Wewe unapewa saa nyingi zaidi kwa bei ya chini zaidi kila saa. Wanasheria wanaojichosha wanalipwa kwa kujichosha kwao. Wewe ungejichosha kwa punguzo.

Na usidhani saa chache ni zawadi ya wema tu. Mwaka 1914 mtengenezaji wa magari wa Marekani Henry Ford alipoanzisha siku ya saa 8 na malipo ya dola 5 kwa siku, alikuwa anapambana na wafanyakazi waliokuwa wakiacha kazi kwa kasi iliyokuwa inamla faida. Mashine nzuri, mpangilio mzuri na watu wasiochoka huzalisha zaidi kwa saa, na saa inayozalisha zaidi inaweza kulipwa zaidi. Leo mfanyakazi wa Ujerumani hufanya kwa wastani takribani saa 1,340 kwa mwaka na wa Meksiko takribani 2,200, na hakuna anayesema Wameksiko ndio matajiri. Sehemu ya tofauti hiyo, ni kweli, inatokana na Wajerumani wengi kufanya kazi za muda mfupi, lakini mwelekeo ndio huo.

Sasa namna ya kujua malipo ya mahali ulipo. Usianze na matangazo ya kazi, maana mengi huandika kiwango cha juu kabisa, "hadi kiasi fulani", na hayasemi saa. Anza na kima cha chini kilichotangazwa kwa sekta yako. Nyuzilandi ndiyo iliyotangulia na sheria ya namna hiyo mwaka 1894, na leo karibu kila nchi ina kiwango fulani. Sehemu nyingi kimegawanywa kwa sekta, kwa mwezi, kwa siku na kwa saa. Kisome kile cha saa. Mwajiri anaweza kulipa juu ya kima cha mwezi na bado akawa chini yake ukigawa kwa saa halisi, na zamu za saa 12 ndizo zinazoficha hilo kuliko zote. Kisha tafuta mkataba wa pamoja kati ya waajiri na chama cha wafanyakazi, kama upo. Huo huandika viwango kwa ngazi, na mara nyingi hupatikana kwa kuuliza tu ofisi ya chama.

Takwimu za utafiti wa nguvukazi za taifa zinafaa, ila zisome kwa uangalifu kwenye mambo mawili. Kwanza, majina ya vyeo hudanganya. "Ofisa" wa kampuni moja ni karani wa nyingine. Orodha ya kimataifa ya kazi ya mwaka 2008 ina makundi makuu 10 na aina 436 za kazi, zilizopangwa kwa kile mtu anachofanya mikononi. Nawe linganisha majukumu, usilinganishe majina. Pili, wastani hupotosha. Mahali penye watu 10, tisa wakipata 100 kila mmoja na mkuu wao akapata 1,100, wastani ni 200, na hakuna hata mmoja anayepata 200. Wapange kutoka wa chini hadi wa juu, umtazame aliye katikati. Huyo anapata 100.

Baada ya karatasi, nenda kwa watu. Tafuta watatu au wanne wanaofanya kazi hiyohiyo kwa waajiri tofauti, mmoja akiwa mgeni na mmoja aliyekaa miaka mingi, ili uone kama malipo yanapanda au yanaganda. Usiwaulize "kwa kawaida unafanya saa ngapi?" Mtu hujibu kile kilichoandikwa kwenye mkataba. Waulize: "Wiki iliyopita, Jumatatu uliingia saa ngapi, ukatoka saa ngapi?" Endelea hivyo hadi Jumapili. Kuhusu fedha, waulize kilichoingia mkononi baada ya makato. Nyumba, chakula na usafiri vikitolewa na mwajiri vihesabu kwa bei ambayo wewe mwenyewe ungelipa. Mkataba wa ILO wa mwaka 1949 unaruhusu sehemu ya mshahara kulipwa kwa vitu, mradi vikufae na vithaminiwe kwa haki. Bima ya afya na mchango wa pensheni navyo ni mshahara. Sare na tochi unavyokatwa ni upungufu wa mshahara.

Kuna gharama moja isiyoingia kwenye hati ya mshahara. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na ILO walitoa tathmini ya pamoja: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa takribani asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Wiki yako ya ulinzi inaupita mpaka huo kwa saa 17. Juu ya hilo kuna usiku. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliiweka kazi ya zamu za usiku, mwaka 2007 na tena 2019, kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba vinasababisha saratani. Mkataba wa mwaka 1990 kuhusu kazi za usiku unataka mfanyakazi wa usiku afidiwe kwa muda, kwa malipo au kwa manufaa mengine. Kama 130 uliyoahidiwa ni ileile mchana na usiku, fidia hiyo haimo.

Ongeza safari. Ukitumia saa moja kwenda na moja kurudi, siku 6, saa 72 zinakuwa 84. Wiki nzima ina saa 168. Umetoa nusu kamili ya maisha yako, na ukilala saa 8 kila siku zinabaki kwa wastani saa 4 kwa siku za kula, kuoga, kufua na kuonana na watoto.

Kwa hiyo ndugu zako waambie hivi. Ili saa yako isishuke, wiki ya saa 72 inatakiwa ilipwe 180 kabla ya ziada, na 195 saa zilizozidi 48 zikilipwa kwa moja na robo. Umeahidiwa 130. Kama una deni linalobana au umeachishwa ukarani, hilo ni jambo lingine, na hakuna aibu kuchukua kazi inayoleta fedha leo. Ila ichukue ukijua ni ya muda, na andika saa zako kila siku kwenye daftari, kwa sababu madai ya saa za ziada bila kumbukumbu ni magumu kuyathibitisha.

Kabla ya kukataa, rudi kwa mwajiri na swali moja kuhusu ratiba. Makampuni mengi yenye zamu za saa 12 huzipanga kwa mzunguko wa siku 8: mchana mara 2, usiku mara 2, kisha mapumziko siku 4. Mzunguko huo una saa 48 katika siku 8, sawa na 42 kwa wiki na 182 kwa mwezi. Mshahara uleule wa 130 kwenye ratiba hiyo unakulipa 0.714 kwa saa, asilimia 24 juu ya ukarani wako. Mlinzi wa saa 72 kwa wiki anaziba mapengo ya walinzi wasioajiriwa, na mwajiri huenda anaajiri wengine sasa hivi. Muulize ghala lina walinzi wangapi kwa kila lindo na kama yuko tayari kuwafikisha wanne. Akikubali, na akaandika saa za ziada, likizo na posho ya usiku kwenye mkataba, chukua kazi hiyo.